Taa ya antena ya Kasha

Asubuhi ile ya mwaka 2003, mutaa wetu wa Kasha ulikuwa na watoto mia mbili na kumi na saba wenye hawajachanjwa surua, na mumoja wao alikuwa Glody, mujukuu wangu, miezi tisa. Surua ilikuwa imekwisha kuingia kwetu. Juma lile tulizika watatu upande wa chini.

Chanjo ilikuwa carton moja tu, ndani ya frigo ya shirika lenye kutusaidia, kule Muhumba, mujini. Walituambia wazi: liste ya majina ifike kabla ya midi, saa sita ya muchana. Isipofika, carton inapanda ndege ya Shabunda, maana kule pia watoto wanakufa. Sikuwakasirikia. Mama wa Shabunda naye ni mama.

Barabara ya kushuka muji ilikuwa imefungwa tangu juzi juu ya masasi, yaani risasi. Na kusoma majina kwa Motorola, ile radio ya mukono, tulikatazwa: watu wa bunduki walikuwa wanasikiliza, na ukitaja mutoto umewaonyesha nyumba ya baba yake. Ilibaki ordinateur tu, ile kompyuta ya kituo.

Kituo yetu ya afya iko juu kabisa, pahali courant ya muji, ule umeme, haijafika. Shirika lilitupatia panneaux tatu za jua juu ya bati, batterie mbili, ordinateur, na antena yenye kutazama Muhumba. Katikati ya vyote kulikuwa kisanduku kidogo, kama sabuni mbili zilizopangwa pamoja, chenye matundu tano ya kutia kamba za waya. Kinaitwa swichi. Ordinateur inaingia tundu ya kwanza, antena ya tano, na swichi inazisikilizanisha. Kila tundu iko na taa yake, na kamba ikikaa vizuri, taa inawaka kijani.

Mimi nilikuwa ninafua mashuka pale na kutunza funguo, kwa sababu nyumba yangu inagusana na kituo. Nilisoma mpaka troisième primaire, darasa la tatu. Kwa kuhesabu taa inatosha.

Siku ile taa ya antena haikuwaka.

Élie, infirmier, muuguzi wetu, kijana wa akili nyingi na miguu isiyotulia, aliipiga swichi kiganja kama vile watu wanapiga radio ya zamani. Akachomoa kamba zote mara moja, akazirudisha. Bure. Akamuita Donatien, technicien wa Muhumba, fundi wa shirika, kwa Motorola. Donatien alimuuliza habari ya batterie, Élie akamusomea kwenye régulateur, kile chombo cha kupima batterie: douze point six, kumi na mbili na kitu. Donatien akasema basi chakula iko, courant inatosha, zimeni, muhesabu mpaka trente, thelathini, muwashe tena. Tulizima, tukahesabu, tukawasha. Bure tena.

Hapo Élie akakata shauri kwamba masasi yamechoma antena. Alitaka tumuite Alphonse, fundi wa bati, apande kwenye nguzo.

"Ukimupandisha Alphonse kule juu leo," nilimuambia, "watamupiga wakifikiri ni askari anachungulia."

"Sasa koko unataka tufanye nini? Tuombe?" Koko, ndivyo vijana wanatuita sisi wamama wazee.

"Kuomba tumekwisha kuomba. Sasa tutafute. Kimoja kimoja."

Shuka ikiwa na doa la damu, sioshi yote nikitumaini. Ninaishika mbele ya jua, ninaipitisha kidogo kidogo mpaka doa linajionyesha, halafu ninasugua pale tu. Nilimuambia Élie atoe kamba ya antena peke yake, aitie katika tundu ya kwanza, ile ya ordinateur. Kijani. Basi antena ilikuwa nzima, na kamba yake nzima. Halafu atie kamba ya ordinateur katika tundu ya antena. Giza. Mugonjwa alikuwa ni tundu.

Élie akacheka, akasema yeye alisoma miaka ine institut, shule ya uuguzi, ili aje afundishwe na mufua mashuka. Nilimuambia acheke baadaye. Tulijaribu tundu ya pili, taa ikakonyeza na kufa. Ya tatu na ya ine, hata kukonyeza. Lilibaki moja zima, na sisi tulihitaji mawili.

Niliichukua swichi mpaka mulangoni, nikachungulia ndani. Nikaona kijivu. Ile kijivu niliitambua mara moja.

Wakati ule kila jioni watu wa bunduki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Ordinateur tulikuwa tunaipandisha kwenye plafond, ndani ya dari. Swichi nilikuwa ninaificha mimi, ndani ya kapo yangu ya majivu jikoni. Mwizi anabeba sufuria, anabeba unga, anabeba hata kitenge kikiwa bado maji kwenye kamba. Mwizi wa majivu sijamuona bado. Nilijisifu sana kwa akili ile. Lakini kipande cha kitenge nilichoifungia kilikuwa na tundu, majivu yakaingia, na umande wa majuma matatu ukayafanya kama simenti.

Donatien akaita. "Maman Adélaïde, mumeona nini?"

Élie alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Nilifunika Motorola kwa mukono. Tukitaja majivu hewani, usiku ule kila jiko la Kasha linapekuliwa, na ndani ya majivu ya watu hakukuwa swichi yangu peke yake. Nilijua wanawake wane wenye kuficha huko vitu vyao.

"Vumbi," nilisema. "Vumbi ya jikoni."

"Vumbi ya jikoni inafika namna gani mu swichi?"

"Donatien, mutoto wangu. Wewe uko Muhumba. Sisi tuko Kasha."

Alielewa kwamba kuna watu wanasikiliza. Halafu akasema polepole, "Sawa, maman. Musitie maji. Tieni alcool, na kitu laini. Halafu ikauke kabisa. Mukiiwasha na maji ndani inakufa, na ingine mimi sina."

Élie alileta alcool ya sindano, ile spiriti, mimi nikachomoa unyoya wa kuku. Ndani ya tundu kuna nyuzi nane za shaba, nyembamba kama nywele, na ukizikunja umeharibu. Élie alitaka nisafishe matundu yote. Nilikataa. Tulihitaji moja tu, na midi haikuwa inatungoja. Nilichagua ya pili, ile yenye ilikonyeza. Onze heures dix, saa tano na dakika kumi, tundu ilikuwa inang'aa.

Akanyoosha mukono ili aichomeke. Nikamuambia bado. Nilikaa kwenye ngazi, swichi mapajani, matundu yakitazama jua. Aliangalia saa yake mara tano, akazunguka kituo, akarudi.

"Koko, hata kuku anatotoa mbio kukushinda."

"Na wewe unataka kupasua yai."

Nilipitisha unyoya mukavu mara ya mwisho, nikaugusisha mudomoni. Haukuwa na ubaridi. Alcool ilikuwa imekwenda. Ilikuwa onze heures et demie, saa tano na nusu, nilipomuambia atie kamba: ordinateur ya kwanza, antena ya pili.

Kijani, na kijani.

Élie alituma liste bila kukaa kwenye kiti. Tulingoja. Kisha Donatien akaita, akasoma hesabu peke yake, bila jina hata moja: "Mia mbili na kumi na saba. Wa mwisho, miezi tisa. Imeingia yote. Carton inabaki. Kesho asubuhi." Njia hakuitaja hewani, lakini sisi tulijua: ziwani, na pirogue ya moteur, mutumbwi wa mashini.

Baada ya midi tulisikia ndege ya Shabunda ikipita juu yetu. Élie alishusha macho, na mimi pia.

Nilikwenda kumupa habari Virginie, muke wa mutoto wangu, mama ya Glody. Alikuwa amekaa na Glody mugongoni, hata muhogo wake alikuwa ameuacha nusu bila kumenya. Aliniuliza kama ni kweli kabisa. Nilimuambia ni kweli, kesho amunyonyeshe mapema, ashibe, kwa sababu ile sindano inauma na mutoto yule ana sauti ya baba yake.