Rejeta ya Nyuma ya Kibao

Fundi Tone alikuwa ameziba matundu ya rejeta za magari ya watu kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hakuwahi kuunda rejeta yake hata moja. Jambo hili halikumsumbua mtu yeyote duniani isipokuwa yeye. Kuziba tundu si kazi ya kudharauliwa: unafunga midomo yote ya rejeta, unaijaza hewa, unaizamisha kwenye pipa lililopasuliwa ubavuni, kisha unatulia kama paka mbele ya shimo la panya mpaka kiputo kitoke na kujisaliti chenyewe. Jina la Tone alipewa kwa sababu hiyo, kwani hakuna tone lililowahi kumponyoka. Lakini anayeshona viraka maisha yake yote, siku moja huota suti.

Suti hiyo ilikuja kwa magurudumu manne. Lilikuwa gari la spoti la kijani, milango miwili, la chini kiasi kwamba mwenye nalo, daktari wa meno mwenye miguu mirefu, alishuka kwa awamu. Kliniki yake ilikuwa juu ya kilima, na kila asubuhi, kwenye kona ya tatu, gari lilitoa mvuke na kusimama. Wagonjwa wake waliopanda kwa miguu walimpita, mkono shavuni, wakampa pole. "Daktari kachemka," waliambiana. Neno hilo lina maana mbili, na hawakusema wanatumia ipi.

"Nataka rejeta mpya," daktari alisema. "Kubwa, ya alumini. Za kununua nimetafuta, hakuna inayoingia humu. Uniundie. Utaweza?"

"Wagonjwa wako huwa wanakuuliza hivyo?"

"Huwa hawawezi. Mdomo unakuwa umejaa."

"Basi niachie gari."

Daktari alipoondoka, Fundi Tone aligeuza kalenda ya mwaka uliopita na kuanza kuchora. Safu tatu za mirija badala ya moja. Matangi mawili, kila upande moja. Feni mbili. Alichora kwa heshima, ulimi nje, kama mtoto anayeandika jina lake mara ya kwanza. Kisha akachukua futi kamba, akapiga goti mbele ya gari ili apime.

Hapo ndipo alipokiona kibao. Alikuwa amekiona tangu mwanzo, lakini kwa namna mtu anavyoiona tai ya mgeni. Kilikuwa cha shaba, kipana kama sinia, kimefungwa mbele kabisa, juu ya matundu ya kuingizia hewa, na herufi zake zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA.

Fundi alikitazama kwa muda. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu nne, akaegemeza kibao ukutani, akalipeleka gari kilimani. Kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mshale wa joto ulisimama katikati, mpole kama mwanakwaya, mpaka juu. Rejeta ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Gari lilikuwa limezibwa pua, basi.

Akashuka taratibu, akarudisha kibao mahali pake, akakaza skrubu zote nne. Akaketi juu ya tairi, akaitazama ile kalenda. Kati yake na rejeta ya kwanza ya maisha yake palikuwa na neno moja ambalo hakuna mtu aliyemwomba aliseme. Akinyamaza, anaiunda. Akisema, anabaki na pipa lake na viputo vya watu wengine. Alijaribu kujishawishi kwamba rejeta mpya haijawahi kumdhuru mtu. Hoja ilikuwa nzuri, ila haikushika, kama risasi ya kulehemu inayomwagwa kwenye bati lenye kutu.

Kesho yake daktari alipokuja kuuliza siku ya kuchukua gari, fundi alikuwa bado hajanywa chai.

"Daktari, jino lako halijaoza."

"Jino lipi?"

"Rejeta. Ni nzima. Nikikuundia mpya nitakuwa kama wewe umng'oe mtu jino zima kwa sababu tu kalinyooshea kidole. Kinachokuchemsha ni hicho kibao. Kitoe, uende salama."

Alikuwa amelisema. Akachukua kalenda na kuanza kuikunja.

Daktari alikwenda mlangoni, akachungulia kushoto na kulia, akaufunga, akarudi kwa sauti ya chini.

"Fundi, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe yupo?"

"Yupo, mzima."

"Basi unaniambia nini? Unadhani sijui? Siku niliyonunua gari hili, mama mkwe alikuja na kibao hicho na bisibisi yake mkobani. Alikifunga mwenyewe. Kila Jumapili anakuja kukifuta."

"Ungemwomba akihamishie nyuma."

"Nilimwomba. Akasema walio nyuma hawana haraka, ndiyo maana wako nyuma."

Fundi Tone alifikiri. Polepole, akaikunjua kalenda.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyoichora, kwa sababu sasa rejeta ilipaswa kupumua huku imezibwa mdomo. Aliipanua kushoto na kulia mpaka ikakaribia taa. Chini ya bampa alikata nafasi mbili, akakunja njia za bati za kuchukua upepo wa barabarani na kuupandisha kwa nyuma ya kibao. Matangi aliyachomelea mara mbili; mara ya kwanza alumini ilidondoka kama mshumaa, naye akaomba radhi kwa sauti, ingawa karakana haikuwa na mtu. Siku ya tisa aliizamisha pipani. Alisubiri kiputo kwa saa nzima. Hakikuja. Aliitoa, akaizamisha tena, maana hakuwa na desturi ya kumwamini fundi yeyote.

Jumamosi gari lilipanda kilima mara nne mfululizo, kibao mbele, mshale katikati. Jumapili mama mkwe alifika karakana na kitambaa chake, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alifuta kibao herufi kwa herufi. Kisha akainama.

"Hii midomo miwili huku chini ni ya nini?"

"Ya kupumulia, mama," fundi alisema.

"Kwani gari lilikuwa linabanwa pumzi?"

"Kidogo, mama."

"Linabanwa na nani?"

Daktari wa meno, aliyekuwa amemsindikiza, alianza kuchunguza kucha zake.

"Na kilima, mama."

"Nilimwambia asikipande kwa haraka." Akajiinua, akaegemea ukingo wa boneti iliyokuwa wazi, akatazama ndani. Rejeta ilikuwa imetanda kutoka taa hadi taa, nyeupe, mishono yake imelala safu kwa safu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amekitazama kibao.

"Hii mmeinunua wapi?"

"Hatukununua. Nimeiunda."

"Wewe? Yote?"

"Yote, mama."

Mama mkwe aligeuza kitambaa upande uliokuwa bado safi, akaanza kuifuta.