Walio Ndani ya Gari

Siku ya mazoezi ya kugawa dawa za dharura Verlene Tolliver alifika kwenye viwanja vya maonyesho kwa miguu, viatu vyake vya kiwandani vimejaa vumbi jekundu, na askari wa getini akamzuia. Waenda kwa miguu hawaruhusiwi, alisema. Verlene akamwambia yeye kaalikwa, akatoa kadi yenye nembo ya idara ya afya ya kaunti, inayosema yeye ni mwakilishi wa wakazi katika mpango wa dharura. Askari akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kungekuwa na habari bora zaidi, akaita wakubwa kwa redio. Mwisho wakamtafutia gari la kukaa. Lilikuwa la karani mmoja wa mahakama, na kiyoyozi chake kilimfanya atetemeke meno. Humo ndani akapitishwa katikati ya koni za barabarani za rangi ya chungwa, kioo kikashushwa, akapewa kichupa chenye peremende badala ya vidonge. Mpiga picha akamwambia atabasamu, naye akatabasamu.

Magari yote ya siku ile yalikuwa ya wafanyakazi wa kaunti. Yalipita bila kusuasua. Mkaguzi aliyetumwa kutoka makao makuu ya jimbo akasema hajawahi kuona mpango uliokaa sawa namna ile, na watu wakapigiana makofi kwa kupeana peremende.

Baadaye, kwenye mikate na chai baridi, Hollis Brandt aliwauliza wageni maoni yao. Huyu Hollis ndiye aliyekuwa mratibu wa dharura wa kaunti, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na kalamu za rangi nyingi. Verlene si mtu wa kusema mbele za watu. Miaka yake mingi ameipitisha kwenye mstari wa kukata mapaja ya kuku, ambako ukifungua mdomo unasikia mashine tu. Lakini siku ile roho ilimkereketa.

"Kwetu Reli ya Chini watu hawana magari," alisema. "Tunachopanda ni basi la kiwanda. Linatuchukua alfajiri, linaturudisha jioni. Siku ya dharura yenyewe tutakujaje?"

"Hoja nzuri sana, Bi Verlene," Hollis alisema, akaiandika kwa kalamu ya kijani. "Mpango wetu umekadiria kila kaya ina gari angalau moja."

"Nani kawaambia?"

Hollis alicheka kwa adabu. Akaeleza kwamba makadirio yalitoka jimboni. Verlene akauliza kwa nini dawa zisipelekwe kwenye kanisa la Nebo, pale pale mtaani. Akajibiwa kwamba uwanja wa Nebo ni mwembamba, malori hayawezi kugeuza, na tena watu wakija kwa miguu watasongamana na kuambukizana, ilhali ndani ya gari kila familia inakaa peke yake. Yote hayo yalisemwa vizuri, kwa heshima zote. Mkaguzi alikuwa akitazama saa. Kaunti ikapewa alama za juu, na Verlene akarudi nyumbani kwa miguu na mfuko wa zawadi wenye tochi na filimbi.

Agosti ikaja na joto lake la kunata. Kwenye mstari wa mapaja, bega kwa bega na Verlene, alisimama Imelda Xol, mama wa Kigwatemala aliyekuwa akimchekesha kwa ishara za mikono kwa kuwa lugha haikutosha. Walikuwa wakinywa maji kutoka chupa moja, maana msimamizi alikuwa haruhusu mtu kwenda bombani hovyo. Siku moja Imelda akashika kichwa, akashindwa kuinamisha shingo, akapelekwa nyumbani. Kabla wiki haijaisha akafa. Akafuata kijana mmoja wa chumba cha barafu. Ndipo likatajwa jina la ugonjwa: homa ya uti wa mgongo.

Kiwanda kikafungwa kisafishwe. Basi nalo likafungiwa nyuma ya uzio wa kiwanda, safi, matangi yamejaa, na mlinzi wa kulilinda. Redio ikatangaza kwamba kila aliyefanya kazi mle, pamoja na watu wa nyumbani kwake, afike viwanja vya maonyesho ameze kidonge cha kinga kabla ya saa kumi na mbili jioni. Waje na magari yao.

Verlene alisikiliza akiwa amesimama jikoni. Mjukuu wake Nyla, anayelala naye kitanda kimoja tangu mama yake aende Atlanta kutafuta maisha, alikuwa mezani akila uji wa mahindi. Kila alipomtazama mtoto aliiona ile chupa ya maji, mdomo wake na mdomo wa Imelda. Akampigia simu Hollis.

"Njoo na gari lolote, Bi Verlene," Hollis alisema. Sauti ilikuwa imechoka. "Lolote lile."

"Sina gari. Nilikwambia."

"Omba jirani."

"Jirani naye ana nini, Hollis?"

Kisha Hollis akasema ataona kama kuna mtu wa kumtuma. Verlene akasubiri barazani asubuhi nzima, na jua likapanda mpaka juu. Hakuna aliyekuja.

Uani kwa jirani yake Mzee Cleophus Gaines kulikuwa na gari aina ya Buick lililokufa injini zamani, paka wanazalia humo. Wazo lilikuwa la Verlene. Wamesema gari lolote, aliwaambia majirani waliokusanyika, na hili nalo ni gari. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Wakatoa paka, wakajaza matairi upepo kwa pampu ya baiskeli.

Mzee Cleophus akashika usukani, kwa kuwa breki zile alizielewa yeye tu. Mkewe, Mama Otha, akawekwa kando yake na fimbo yake. Nyuma wakamweka Tamra, jirani mjamzito aliyekaribia kujifungua, na Nyla. Nafasi moja ilibaki.

"Ingia, Verlene," Mama Otha alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukinywa na yule marehemu. Wa kwanza kumeza ni wewe."

"Na kile kilima cha kwenye kinu cha pamba mtakipandaje? Mikono haitoshi. Nitaingia tukifika."

Wakasukuma. Waliosukuma wote walikuwa watu wa kiwandani, watu wa mapaja na mabawa na chumba cha barafu, mikono imezoea kazi. Magari yaliwapita yakipiga honi, mengine watu wake wakichekelea na kuwapiga picha. Kwenye kilima mtu mmoja alitapika kwa joto, akajifuta, akarudi kusukuma. Verlene alikuwa nyuma, katikati ya buti la gari, kichwa ameinamisha, macho kwenye lami. Kila alipochoka alisikia Nyla akiimba humo ndani, akasukuma tena. Walipoliona lango la viwanja, jua lilikuwa limeanza kulegea.

Juu ya lango lilitundikwa bango kubwa: KAUNTI YAKO IKO TAYARI. Chini ya maneno hayo ilikuwapo picha ya Verlene Tolliver, ndani ya gari la karani wa mahakama, akitabasamu dirishani na kichupa mkononi.

Alilitazama kidogo tu. Akashika kitasa cha mlango wa nyuma aingie, na askari akamwahi.

"Hakuna kupanda wala kushuka ndani ya mstari, mama."

"Hiyo ni nafasi yangu."

"Nimewaona mkija mkiwa nje ya gari. Mkipanda sasa mnachanganya watu. Sogezeni gari."

Wakalisogeza mpaka kwenye dirisha la kutolea dawa. Muuguzi mwenye barakoa akachungulia, akauliza wako wangapi. Mzee Cleophus akamwambia awahesabu na wanaosukuma. Muuguzi akasema dawa ni kwa walio ndani ya gari, akatoa vidonge vinne. Nyla akameza chake mbele ya macho ya muuguzi, akafungua mdomo kuonyesha, kama alivyoagizwa. Muuguzi akamsifu.

Hollis alikuja mbio, kizibao chake cha kung'aa kimelowa jasho kwapani. Alipomwona Verlene uso ukamshuka.

"Nipe changu, Hollis," Verlene alisema. "Nilikuwa nikinywa naye chupa moja."

Hollis akamtazama muuguzi, akamtazama askari. Mbali kidogo alisimama mkaguzi yule yule wa jimbo, saa mkononi.

"Nikivunja utaratibu kwa mmoja, Bi Verlene, lazima nivunje kwa wote. Zungukeni mrudi tena, safari hii mkae ndani."

"Atasukuma nani?"

Nyuma yao honi zililia kwa pamoja, na mtu akapaza sauti kwamba muda unakwisha, hao wenye mkweche wataondoka lini. Hollis akasema atampigia simu kesho, kesho lazima, kisha akaitwa kwenye mstari wa pili akaenda.

"Songeni mbele," askari alisema.

Verlene akarudi kwenye buti, akaweka mikono pale pale palipokuwa na alama za viganja vyake. Akataka kuinamisha kichwa asukume vizuri, kama alivyofanya njia nzima. Shingo ikakataa. Akajaribu tena polepole, na maumivu yakampanda mpaka kisogoni. Ni kilima kile, alijiambia, ni kusukuma tu.

Kwenye kioo cha nyuma Nyla alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, katika ile nafasi iliyobaki, anamwonyesha ulimi wake mtupu. Verlene akamtabasamia, kichwa kimesimama wima, na akaanza kusukuma.