Viatu Barazani

Uweso alivua viatu barazani, akavipanga karibu na ukuta. Vilikuwa vya kuazima, vya Mwinyijuma fundi cherehani, vikubwa, vimejazwa karatasi kwenye ncha. Laurenti, mtoto wa jumbe, alitoka chumbani na vyake miguuni, vikigonga mbao ko-ko-ko. Uweso akamwona mshamba. Mtu gani huingia nyumba ya watu na viatu?

Ilikuwa Raskazone, mwaka 1954. Ndani ya nyumba ile ya mkuu wa elimu alikuwa akichaguliwa kijana mmoja wa jimbo zima wa kwenda chuo kikuu, Uganda. Mmoja tu. Katika mtihani Uweso alikuwa wa kwanza, Laurenti wa nne. Kilichobaki, mwalimu wake alimwambia, ni kuonekana tu.

"Ukifika mbele ya wakubwa," mama yake, Mwanamkasi, alimwagiza asubuhi akimnyoosha kola, "vua viatu, inamisha macho, wala usimkate mtu kauli." Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi. Kamba hizo ndizo zilizomsomesha Uweso.

Mezani walikaa wawili: Bwana Elimu, mkuu wa elimu wa jimbo, Mwingereza mwenye kalamu ya wino, na Bwana Idarusi, mzee wa mjini aliyewekwa pale kuwasemea wenyeji.

"Shikamoo, mzee," Uweso alisema, macho chini.

"Marahaba," Idarusi aliitikia kwa sauti ndogo.

Bwana Elimu aliitazama miguu mitupu juu ya zulia lake.

"Huna viatu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ninavyo, bwana. Viko nje."

Kalamu ikaandika.

"Jamii ni kama mwili," alisema Bwana Elimu. "Kichwa kina kazi yake, mguu una yake. Elimu ya juu ni ya watakaokuwa kichwa. Wewe waonaje?"

Uweso aliona mengi. Aliona kwamba mguu haujapata kuulizwa. Baba yake alikufa akikata mkonge, jumbe alikuwa hai akikusanya kodi, na bado mtihani ulikuwa umewapanga watoto wao kinyume. Jibu lilimjaa kinywani. Akangoja kidogo, labda mkubwa hajamaliza.

"Huna jibu?"

"Ninalo, bwana. Mwili huo, ni nani aliyechagua kichwa..."

"Nitazame unaposema! Mtu mkweli humtazama mwenziwe machoni."

Uweso alijaribu. Macho yakapanda mpaka kwenye tai, yakagoma. Maisha yake yote alikuwa akichapwa kwa kumkodolea mkubwa macho. Akamgeukia Idarusi.

Mzee yule alijua. Nyumbani kwake hakuna aliyevuka kizingiti na viatu, na mtoto wa kumtazama usoni angeonja bakora. Neno moja lingetosha: bwana, hii ndiyo adabu yetu. Idarusi alijikuna ndevu, akavitazama viatu vyake vyeusi vilivyokanyaga zulia.

"Bwana Idarusi, una la kuongeza?"

"Sina, bwana. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya."

Bwana Elimu akafunga kalamu. "Akili anazo. Lakini hajiamini, hajawa tayari. Tutampeleka Laurenti." Kisha, kwa upole, akamwambia Uweso: "Shamba la mkonge linataka karani. Nitakuandikia barua."

Uweso alikasirika. Akasema ahsante, maana ndivyo alivyofunzwa.

Barazani hakuvikuta viatu. Mtumishi alikuwa amevihamishia mlango wa jikoni, wageni wa bwana wasijikwae. Ikambidi azunguke nyuma.

Alipofika nyumbani, Mwanamkasi alikuwa mlangoni, kamba bado mkononi.

"Ehe, mwanangu! Viatu ulivua?"

"Nilivua, mama."

"Na macho?"

"Niliyainamisha."

"Alhamdulillahi! Si nilikwambia? Mwenye adabu hanyimwi."

Uweso alifungua kinywa. Barua ya shamba la mkonge ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne. Lakini mama alikuwa amekwisha geukia ndani, akimwita binti yake mdogo.

"Mboni! Mboni we! Njoo umsikilize kaka yako alivyofanya mbele ya wakubwa, nawe ujifunze."