Picha ya Askari Wawili

Vitus alikuwa kwenye shina la nne la mianzi, akimimina ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka kwenye mbeta, kopo la mwanzi la kukingia, kuingia kwenye dumu, mkewe Evarista alipomwita kutoka uani. Kuna mgeni, alisema, anatafuta askari aliyepigana vita vya Amin. Vitus alikata kipande chembamba kwenye ncha ya mwanzi ili uendelee kuchuruzika, akaifunga mbeta mahali pake, ndipo akapanda kwenda nyumbani.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa tope jekundu la Igowole. Alipiga magoti kumwamkia. Kiswahili chake alikitoa neno moja moja, lakini kilieleweka: anaitwa Nansubuga, ametoka Luwero, Uganda, na yuko njiani siku ya nne. Sokoni walimwambia kwamba wa mwisho aliyebaki ni mzee huyu.

Akatoa picha kwenye bahasha. Vijana wawili wamesimama mbele ya pazia la studio, kombati zinawapwaya, bunduki begani. Nyuma yake kulikuwa na maneno ya kalamu ya risasi: Igowole, Iringa.

Vitus aliufahamu mwandiko huo. Ulikuwa wake.

"Mmoja hapo ni baba yangu," Nansubuga alisema. "Mama alikufa mimi sina hata miaka mitatu. Bibi hakujua jina, wala ni yupi. Wewe unawajua?"

Aliwajua. Wa kulia alikuwa Sedekia, waliyeandikishwa naye mgambo siku moja. Wa kushoto alikuwa yeye mwenyewe. Walivuka mpaka, Amin akakimbia, watu wakawapokea kwa nderemo. Kisha wakaambiwa wabaki walinde amani. Waliilinda miaka miwili na hawakuiona. Marais waliondolewa mmoja baada ya mwingine, uchaguzi ukazaa ugomvi, na siku walipopanda malori kurudi kwao, huko Luwero watu walikuwa wameanza kupigana upya. Nalwoga, msichana wake Vitus wa huko Luwero, alisimama kando ya barabara na tumbo la miezi saba. Vitus alimwambia atarudi baada ya miezi mitatu. Igowole alimkuta Evarista, mchumba wake wa tangu kabla ya vita, bado anamngoja.

"Mama yako alikufaje?" aliuliza.

"Askari walikuja kijijini. Bibi alisema hakujua hata ni wa upande gani."

Evarista alikuwa mlangoni na sahani ya viazi mkononi, anasikiliza.

Vitus akaweka kidole juu ya uso wa Sedekia. "Huyu," alisema. "Alifariki zamani. Kaburi lake liko pale nyuma ya kanisa."

Sedekia hakuacha mke wala mtoto, na kaburi lake lilikuwa limeota nyasi. Nansubuga aling'oa nyasi zote kwa mikono, akakataa kusaidiwa. Halafu alifungua mfuko, akakunjua shuka la gome la mti, nguo ya heshima kwao, la rangi ya kutu, alilokuja nalo kwa ajili ya baba yake, awe hai au amekufa. Akalitandaza juu ya saruji. Alizungumza na kaburi muda mrefu kwa Kiganda. Upepo ulipolipeperusha shuka, Vitus alichuchumaa upande wa pili akaweka mawe pembeni, moja moja, macho yake chini.

"Aliwahi kunitaja?"

"Hakujua kama ulizaliwa salama," Vitus alisema. "Aliogopa kuuliza."

Mwanamke yule akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kikubwa.

Kabla ya kuondoka alipiga tena magoti, akamshukuru rafiki wa baba yake. Evarista alimfungia viazi vya njiani, akamsindikiza hadi kwenye kona, akasimama pale mpaka alipotoweka. Aliporudi aliketi kwenye benchi kando ya mumewe.

"Anatembea kama marehemu mama yako," alisema. "Nilimtambua tangu akiwa kule barabarani."

Evarista alingoja, kisha akainuka, akaingia jikoni, akaurudishia mlango.

Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mashamba ya chai. Ulifunika kanisa, ukafunika barabara. Huko chini basi la Mafinga, alilolifuata Nansubuga, lilipiga honi. Likasimama, likanguruma pale pale muda mrefu kuliko kawaida yake, halafu likaondoka.