Mayai ya Mama Anastasie

Mume wangu Félicien ana ugonjwa mmoja tu: anaamini kwamba kitu kikishaandikwa jina hakiwezi kupotea. Viti vyetu vya plastiki vimeandikwa PAPA LIONEL mgongoni, yaani yeye, baba wa Lionel wetu. Sufuria, mabeseni, hata sepetu, vyote ni Papa Lionel. Simlaumu sana, maana hapa mtaani kwetu Shari, mjini Bunia, kila mtu hufanya hivyo. Viti huazimwa matangani na harusini, na kisicho na jina hakirudi. Lakini mume wangu huzidisha. Nikilala kabla yake siku za kupaka rangi, huwa nahofia nitaamka nimeandikwa na mimi.

Nyuma ya nyumba tuna gari-nyumba. Wazungu wawili walikuja nalo kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi, lina kitanda, jiko na choo humo humo. Injini ikawafia Bunia, wakaliacha, wakapanda ndege. Félicien akalinunua bila injini, likavutwa na lori mpaka uani kwetu. Juu ya paa lina paneli nne za jua na chini ya kitanda lina betri mbili. Transfoma ya mtaa iliungua zamani, kwa hiyo paneli hizo ndizo zilizokuwa umeme wetu. Yeye ni fundi wa kushona, lakini huwezi kumzuia mtu kuota. Akaweka humo mashine ya kutotolesha mayai, ile couveuse.

Jirani yetu Mama Anastasie alikimbia kutoka kwao Djugu usiku, na kitu alichobeba ni kikapu chenye jogoo mmoja na majike mawili, kuku wa shingo tupu. Watu walimcheka njiani, wengine walibeba magodoro. Lakini kuku hao walitoka kwa mama yake, na mama yake aliwapata kwa nyanya yake, na huko walikotoka nyumba imechomwa na shamba limekuwa pori. Hapa Bunia kuku wakazaana. Kisha ugonjwa ukapita mtaani, ukawaua wote hata jogoo. Yakabaki mayai kwenye kiota, bila kuku wa kuyalalia.

Félicien alipomkuta ameketi mbele ya kile kiota, alimwambia, "Leta, mama. Couveuse yangu haiyanipatisha aibu hata siku moja."

Akayaleta kwenye beseni, yamefunikwa kitenge kama mtoto mchanga anayepelekwa kubatizwa. Baada ya siku kadhaa tulimulika yai kwa tochi, Mama Anastasie akaona mishipa myekundu ndani. Alikaa kinywa nusu wazi, kisha akacheka peke yake, mkono mdomoni. Tangu ahamie hapa sikuwahi kumsikia akicheka.

Basi wezi wakaingia mtaa wa pili wakang'oa paneli za watu. Siku hiyo hiyo Félicien alinunua rangi nyeupe ya mafuta, akaegemeza ngazi kwenye gari-nyumba, mimi nikaishika.

"Weye, kwa nini hauandike kwa mugongo ya paneli?" nilimuuliza.

"Kwa mugongo nani ataona? Mwizi iko naangalia kutoka juu ya ukuta. Aone jina, aogope."

Akaandika herufi pana, za mtu anayetaka kusomwa na ndege. Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Siku zikapita. Asubuhi moja Mama Anastasie alikuja kama kawaida kuyasalimu mayai yake, akakuta taa ya mashine imezimika na mashine inalia kwa sauti nyembamba. Mayai yalikuwa na uvuguvugu bado. Yalikuwa yamebakiza siku moja au mbili tu. Alibisha mlango wetu kwa viganja viwili.

Félicien akatoka na mita yake ya kupimia umeme. Akaipima betri.

"Onze," alisema. "Labda jana ilikuwa mawingu."

Haikuwa mawingu. Tukasubiri jua lipande. Lilipofika utosini, kali la kuchoma mabati, akapima tena. Betri inayolishwa na jua, mita yake hupanda hadi kumi na nne. Hii ilikuwa pale pale kwenye kumi na moja.

"Jua yote hii, na batri hainakula kitu!" alisema.

Akaangalia fyuzi, ilikuwa nzima. Akavuta nyaya moja moja, hazikulegea. Akafungua kile kisanduku kinachogawa umeme, akakinusa, hakikunuka kuungua. Mama Anastasie alikuwa amesimama mlangoni, na kila Félicien alipoinua kichwa alikutana na macho yake. Mwishowe akapanda paani kupima paneli moja moja. Ya kwanza, umeme kidogo wa aibu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne ikamrushia mita juu.

Alibaki amechuchumaa pale paani. Nami nikapanda ngazi. Nikasoma kutoka paneli ya kwanza: PAPA. Ya pili: LIO. Ya tatu: NEL. Ya nne ilikuwa tupu, jina halikuifikia.

Baadaye alinieleza. Ndani ya paneli vipande vya kioo hupokezana umeme kama watu waliopanga mstari wakipitishana ndoo. Mmoja akifungwa mikono, ndoo haifiki. Paneli zetu nne nazo zimeungwa kwa mstari mmoja, kwa hiyo hata ile tupu haikutusaidia. Na yeye alikuwa amefunga mikono ya mstari mzima kwa jina lake mwenyewe. Pale paani nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mimi ulimi wangu haujui kulala, lakini nilipomwona uso wake nikashuka kutafuta nyembe na petroli.

Tulikwangua watatu. Mama Anastasie alipanda bila kualikwa, akafunga kitenge kiunoni, akaanza na ile P. Tulikwangua mpaka vidole vikatoa damu. Herufi ya mwisho ilipotoka, Félicien alishuka mbio akapima.

"Quatorze! Mama, kumi na ine!"

Tukashangilia. Mama Anastasie alipiga vigelegele, akanishika mikono tukazunguka uani kama wasichana. Mashine ikawaka, taa nyekundu ikarudi. Nilimwambia mume wangu kwamba leo nimemsamehe, kesho nitaanza upya.

Saa moja haikupita wingu likafunika jua, na mashine ikalia.

Betri za namna hii zikilala na njaa siku nyingi huharibika tumboni. Ukizipa chakula hushiba kwa kijiko kimoja, na kabla hujafunika sufuria zinalia njaa. Paneli sasa zilikuwa zinachaji vizuri kabisa. Hapakuwa tena na kitu cha kuchaji. Mvua ikaanza, ile ya kwetu inayokuja kutoka milimani ikiwa imeshikilia nia.

Félicien alitoka na baiskeli kwenye mvua. Jenereta ya jirani ilikuwa imepelekwa Marabo kwenye matanga. Alirudi na betri ya pikipiki ya kuazima, ikaishi muda wa kuchemsha chai. Nikamkimbilia mama mmoja wa kanisani mwenye kuku anayeatamia. Tulimwekea mayai matatu kwa kujaribu, akayadonoa yote yakavunjika. Ndani kulikuwa na vifaranga, shingo zao bila manyoya. Mama Anastasie aliviokota akavifunga kwenye kitambaa, akasema, "Hapana kumupatia ingine."

Tukawasha babula, jiko letu la mkaa, tukachemsha maji, tukajaza chupa, tukazifunga vitambaa na kuyazungushia mayai. Mungu amenijalia kifua kipana, nikaweka mayai manne humo, nikakaa wima kama askofu. Chupa zilipoa, tukajaza nyingine. Moja ilizidi moto, nyingine ilikuwa imekwisha poa bila sisi kujua. Mtu hana mashine mkononi ya kumwambia joto limetosha. Tulikuwa tunakisia, na nilijua kwamba tunakisia vibaya, na sikujua la kufanya zaidi ya kujaza chupa.

Asubuhi mayai yalianza kulia.

Wasiojua hawataamini, lakini kifaranga hulia kabla hajatoka. Mama Anastasie aliinama juu ya beseni akazungumza nayo kwa lugha ya kwao, kwa upole, kama mtu anayeita watoto waje kula. Yai moja likapasuka kitundu, tukaona mdomo mdogo ukifunguka na kufungika. Félicien alinyoosha kidole amsaidie kuvunja, mama akamshika mkono.

"Ukimutoa, damu itatoka. Acha atoke yeye mwenyewe."

Hakutoka. Mdomo ukafunguka polepole zaidi, kisha ukabaki wazi. Mayai mengine yalinyamaza moja baada ya jingine, bila fujo. Nje mvua ilikuwa imekatika, jua likawaka juu ya zile paneli safi, na mashine, Mungu wangu, ikawaka yenyewe. Tukayarudisha mayai ndani upesi. Tukasubiri. Ndani ya mashine hapakusikika kitu.

"Mama, unisamehe," Félicien alisema. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari-nyumba, mikono imelegea magotini. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, sikuweza hata kimoja.

 Mama Anastasie alikuwa anatoa yai moja moja, analiweka sikioni, anasikiliza kwa muda mrefu, kisha analilaza kwenye kitenge. Alipofika kwenye la mwisho alisikiliza kuliko yote. Akalibadilishia sikio. Halafu akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Mama Lionel, masikio yangu imezeeka. Weye sikia."

Nililiweka sikioni. Lilikuwa na joto la mkono wake. Niliziba sikio la pili, nikazuia pumzi, nikasikiliza mpaka nikasikia damu yangu mwenyewe ikipita kichwani. Mle ndani hapakuwa na kitu. Nilipofungua macho alikuwa ananitazama, kinywa nusu wazi, kama alivyokaa siku ile ya tochi.

"Unamusikia?"

Mimi, ambaye mtaa mzima unajua kwamba sifichi neno, nilimrudishia yai lake taratibu.

"Namusikia, mama," nikasema. "Iko nalia kidogo."