Kidonda cha Apakuki

Apakuki alipoanguka kutoka kwenye mshelisheli wa shemeji yake, miguu ilipooza, mdomo ukabaki mzima. Losalini, mkewe, alimshukuru Mungu kwa hilo mwezi wa kwanza tu.

Mwaka wa pili kidonda cha kulalia kikamtoka takoni. Mwenyewe hakukihisi, Losalini alikijua kwa pua. Akapita nyumba hadi nyumba akiomba vidonge vilivyobaki: vinne kwa mchungaji, sita kwa binamu aliyeng'olewa jino, vitatu ambavyo hakuna aliyekumbuka ni vya nini. Apakuki akavimeza vyote kwa chai. Kidonda kikapoa wiki moja, kikarudi na usaha wa kijani.

Hospitalini, Nesi Vasemaca akapeleka usaha maabara. Siku ya nne akaja na karatasi.

"Mzee, wadudu wako tumewajaribia dawa sita. Tano wamezicheka."

"Na ya sita?"

"Wameiogopa kidogo."

"Wadudu wa kwetu Tailevu hao. Hatutishwi ovyo."

Nesi hakucheka. Akauliza mgonjwa alimeza nini huko nyumbani.

Losalini akatazama sakafu. "Ni mimi, mwanangu. Nilimpa mabaki ya watu, kidogo kidogo."

"Hiyo kidogo kidogo ndiyo shule yao, mama. Wanaijua dawa, hawafi."

"Mwacheni mke wangu," akasema Apakuki. "Mdomo uliomeza ni wangu."

Wakakata nyama iliyooza, wakamtundikia dripu ya ile dawa ya sita, wakamlaza kifudifudi chumba cha peke yake. Aingiaye avae glavu na aproni. Wazee wa kijiji walioleta yaqona, kinywaji chao cha mizizi, wakakatazwa kunywa naye kifuu kimoja, basi wakanywa nje, mlango wazi, wakipiga makofi ya desturi kwa niaba yake.

"Leo nimekunywa kwa masikio," Apakuki akaiambia mito.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili. Wiki ya tatu mgongo wa Losalini ukagoma. Jumapili akasimama kanisani, akasema, "Mume wangu mzito. Nisaidieni." Tangu hapo kila mpita njia aliingia, akashika ncha ya shuka. Apakuki aligeuzwa katikati ya hadithi, akaimalizia uso ukutani.

Mwezi wa saba kidonda kikafunga. Nesi akalibonyeza kovu, akaridhika.

"Ila kugeuzwa kuendelee."

"Mpaka lini?" akauliza Losalini.

"Mpaka afe kwa kitu kingine."

Apakuki akainua kichwa. "Kitu gani?"