Sinia ya Wistin

Ġulja alipita lango la Mdina, mji wa kale wa Malta wenye ukuta, na mwanawe Wistin kiunoni, hana haraka, kana kwamba ukuta ule babu yake ndiye aliyeujenga. Na huenda ndiye. Nani aliyeandika majina ya waashi? Yeye ni binti wa mwoka mikate wa Rabat, ng'ambo ya handaki tu, na huko ndiko anakoishi na mumewe, lakini mama mkwe wake husema "huko Rabat" kama mtu anayetaja nchi ya mbali.

Leo Wistin alitimiza mwaka, na siku hiyo mtoto wa Kimalta huwekewa sinia ya vitu: atakachoshika ndiyo kazi yake ukubwani. Mkwewe, Donna Vittorina, alikuwa amekwisha kuwatangazia jamaa. Mtoto akishika kalamu, atalelewa kwake, humu ndani ya kuta, awe wakili kama babu zake.

Sinia ilikuwa sakafuni kwa Donna Vittorina, chini ya dari yenye malaika wanono wa plasta. Kalamu ya dhahabu imewekwa mbele. Yai na rozari vimesukumwa nyuma huko. Ġulja akaongeza mkate mdogo aliouoka mwenyewe.

"Na huo nao?" akauliza Donna Vittorina.

"Nao ni kazi, mama. Au humu hamli?"

Shangazi mmoja wa mumewe akacheka, akajidai anakohoa.

Wistin akatambaa, akaupita mkate bila hata kuutazama, akashika kalamu na kuitia mdomoni. Makofi yakalia. Ġulja yalimuuma, tusidanganyane.

"Basi," alisema mkwewe, "chumba chake kiko tayari. Tulikubaliana."

"Na nani?"

"Na Anġlu."

Anġlu, mumewe Ġulja, akatazama viatu vyake.

"Anġlu hakubeba mimba," Ġulja akasema, akimnyanyua mtoto. "Kalamu kashika, hongera yake, awe wakili. Lakini sinia husema kazi, mama. Tangu lini ikasema mtoto alale wapi?"

"Kweli, Vittorina," akasema yule shangazi. "Haijawahi."

Donna Vittorina akaketi. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo. "Sasa mimi nitamwona lini? Nyumba yote hii niko peke yangu."

Ġulja alikuja amejifunga kibwebwe kwa vita, si kwa hili. Akamwonea huruma.

"Kesho, mama. Njoo wewe. Lango hilo watu hutokea pia."

Miaka kumi na mmoja Donna Vittorina hakuwa amevuka daraja la handaki kwa miguu. Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuwa Rabat mbele ya duka la mikate, amepanga foleni kama watu.